Msiba wa Fisi Aliye Hai

Sogeeni karibu, hadithi hii haina maji mengi.

Mwaka huo mawingu yalipita juu ya Bonde la Kinyasi kama wageni waliokosea mlango: yalichungulia, yakaona haya, yakaondoka. Mto ukawa kijito, kijito kikawa tope, tope likawa nyufa. Viboko walihama bila kuaga. Samaki hawakuwa na njia ya kuhama, wakafa palepale, na hakuna aliyewasikitikia sana kwa sababu waliliwa siku hiyohiyo.

Waliobaki walikuwa na mfalme, Simba, na Simba alikuwa na msimamo. Msimamo wake ulikuwa kwamba mvua itanyesha. Alipoulizwa lini, alitikisa manyoya ya shingo kwa namna iliyoonyesha kwamba swali lenyewe ni utovu wa adabu.

Maji hayakutoka kwenye msimamo wa Simba. Yalitoka ardhini, na aliyeyatoa ni Bi Nungu.

Bi Nungu alikuwa nungunungu wa makamo, mjane, mwenye miiba mirefu na maneno mafupi. Asili yake ilikuwa moja: hakuweza kuficha hasira. Wengine wakikasirika hutabasamu, wakaenda kusemea nyumbani. Yeye akikasirika miiba ilisimama yenyewe na kugongana, chaka-chaka-chaka, hata kama mdomoni ameshatamka, "Hakuna neno, ndugu yangu." Kwa hiyo hakuwahi kuwa mnafiki maishani mwake. Si kwa wema; mwili ulimnyima nafasi.

Alichimba kule korongoni pamoja na shoga zake wawili, Bi Kanga na Mama Swala. Bi Nungu alivunja udongo mgumu, Bi Kanga akachakura, Mama Swala akausukuma nje kwa kwato huku mwanawe mchanga amelala kwenye kivuli cha jiwe. Walichimba wakicheka. Bi Kanga alimwigiza Simba akiingojea mvua: alivimbisha shingo, akainua kichwa, akasema kwa sauti nzito, "Mvua, nimekuruhusu." Mama Swala alicheka mpaka akakaa chini. Bi Nungu alicheka mpaka mwiba mmoja ukachomoka na kumdunga Bi Kanga kwenye bawa, wakaanza kucheka upya. Hayo yatajwe mapema, kwa sababu muda si mrefu itatangazwa hadharani kwamba watatu hawa hawajui kucheka.

Maji yalipotoka yalikuwa kidogo. Kila mnyama kibuyu kimoja kwa siku, basi. Bi Nungu akaenda kwa Simba na ombi moja: watu wanywe kwa foleni, aliyetangulia kufika atangulie kunywa, awe jike awe dume. Tangu zamani madume ndio waliokunywa kwanza, kwa kuwa madume ni walinzi. Walichokuwa wakilinda hakikujulikana vizuri, ila walikilinda wakiwa wamelala.

Simba alikuwa na usingizi siku hiyo. "Sawa," akasema, na sheria ikapita.

"Awe jike awe dume!" akasema Fisi aliposikia. "Kumbe tumefika huko!"

Asili ya Fisi ni ulafi, na hilo mnalijua. Lakini ulafi mtupu hufukuzwa kila uani, na Fisi alikuwa amefukuzwa vya kutosha, ndiyo maana aliuvisha ulafi wake kicheko. Alikuwa mcheshi wa bonde zima. Akitokea tu, madume walishaanza kukunjua midomo.

Asubuhi ya kwanza ya foleni alikuja akasimama karibu na Bi Nungu, aliyekuwa ndiyo kwanza amejaza kibuyu chake.

"Jamani," akasema, "mnajua kwa nini Bi Nungu ana miiba?"

"Kwa nini?" akauliza Ngiri, ambaye alikuwa anapenda kuuliza.

"Miiba huota mahali pasipokumbatiwa!"

Madume walicheka. Ngiri alicheka mpaka akafumba macho na kujigaragaza vumbini. Alipofumbua, kibuyu cha Bi Nungu kilikuwa kitupu, na ndevu za Fisi zilikuwa zinadondosha matone.

"Umekunywa maji yangu," akasema Bi Nungu.

"Aa, bibie! Utani tu huo."

"Maneno yako ni utani. Kibuyu changu je?"

Chaka-chaka-chaka.

"Mmeona?" Fisi akawageukia wenzake, mikono wazi. "Foleni anaitaka, haki sawa anaitaka, lakini utani mdogo tu, miiba juu. Hawa wa haki sawa ndivyo walivyo. Hawana kicheko. Jikedume ukilitekenya linauma."

Wakacheka tena, na macho yakafumbwa tena.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Bi Kanga. "Bi Kanga, hivyo vidoti vyako ni hesabu ya wachumba waliokukimbia?" Kicheko, kibuyu kitupu. Siku iliyofuata alimgeukia Mama Swala. "Shemeji, mumeo alikwenda wapi? Au mbio zako zilimshinda?" Mume wa Mama Swala hakurudi nyumbani kwa sababu aliliwa, na mmoja wa walioshiriki chakula kile ndiye aliyekuwa anatania. Mama Swala aliinamisha kichwa. Alipokiinua, hakuwa na maji.

Bi Nungu akaomba baraza.

Baraza lilikaa mbele ya jiwe la Simba. Kulia kwa mfalme alikaa Sungura, mshauri wake. Sungura ni mjanja siku zote, na ujanja wake mkubwa kwa wakati huo ulikuwa kutokuwa na maoni mpaka ajue mshindi ni nani.

"Mtukufu," akasema Bi Nungu, "kila utani wa Fisi unaishia kwenye kibuyu cha mtu. Sijamsikia hata siku moja akimtania mwenye kibuyu kikavu."

Madume walikohoa. Fisi akasimama taratibu, mkono mmoja kifuani, kama mtu aliyefiwa.

"Mtukufu, nimeumia. Nimeumia sana. Mimi kutania ni mapenzi. Mtu nisiyempenda simtanii kabisa."

"Kwa hiyo Mtukufu humpendi?" akauliza Bi Kanga. "Mbona hujawahi kumtania?"

Simba alifungua jicho la pili.

"Mtukufu," akasema Fisi, "yuko juu ya mapenzi."

Simba alilitafakari jibu hilo na likampendeza. Akafumba jicho moja.

Fisi akaona amepenya, akaongeza mwendo. "Naomba jambo dogo, Mtukufu. Wazee wetu walikuwa na utani wao, ukoo na ukoo. Mtu alikuja kwako, akakutukana, akachukua kuku wako uani, nawe ukacheka, maana ni mtani wako. Siku hizi yamepotea mambo haya mazuri, ndiyo maana kuna chuki kila mahali. Basi tutangaze utani. Mimi na majike hawa tuwe watani. Na kwa kuwa mtani hanuni, atakayenuna apoteze nafasi yake kisimani mpaka mvua inyeshe."

Bi Nungu alihisi miiba ikipanda mgongoni. Mpaka mvua inyeshe! Hapakuwa na maji mengine upande wowote kwa mwendo wa mnyama mwenye miguu mifupi. Kupoteza kisima kulikuwa kufa, na kufa kwenyewe kando ya shimo alilochimba kwa kucha zake.

"Tazama," akasema Simba. "Utani haujaanza, huyu ameshanuna."

"Sijanuna, Mtukufu. Ni upepo."

Akaishusha miiba mmoja mmoja kwa mikono, kama mtu anayelaza kitambaa chenye mikunjo. Mmoja ukagoma. Akaukalia.

Simba aliinuka. Alipenda sehemu hii ya kazi. "Utani umetangazwa," akanguruma, "utani wa wazee wetu, pamoja na desturi zake zote." Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa sababu yalikuwa na mlio wa kifalme.

"Hekima hiyo," akasema Sungura.

Kuanzia hapo Fisi hakujisumbua tena kutunga. Kwanza alifupisha: alikuja, akasema, "Bi Kanga, miguu hiyo!" akanywa. Kisha akaacha miguu. Alisema, "Utani!" akanywa. Mwishowe alikuwa anasema "Uta—" na kumalizia akiwa ndani ya kibuyu. Alipoona hilo nalo linachosha, alibeba kibuyu chenyewe, kikiwa kimejaa, akaenda nacho nyumbani.

Nao majike walicheka, kwa kuwa ilikuwa sheria. Walisimama kwenye foleni, midomo mikavu kama magome, wakasema, "Ha." Wakasema, "Ha ha." Mama Swala ndiye aliyecheka vizuri kuliko wote, huku machozi yanamtoka, na madume walisema afadhali huyu, ameanza kuelewa.

Jioni moja walikaa korongoni. Mtoto wa Mama Swala alijaribu kunyonya, akaacha, akajaribu tena.

"Maziwa yanakatika," akasema Mama Swala. "Ha ha. Samahani, nimezoea."

"Nimdonoe jicho," akasema Bi Kanga.

"Utakuwa umenuna."

"Nitamdonoa huku nacheka."

"Haitoshi, shoga," akasema Bi Nungu. "Hebu niambieni. Simba alisemaje pale mwisho?"

"Alinguruma."

"Baada ya kunguruma."

"Alisema utani wa wazee, pamoja na desturi zake zote," akasema Mama Swala. "Kwa nini?"

Bi Nungu alikuwa anamkumbuka Mzee Ngiri, baba yake Ngiri huyu anayependa kuuliza. Ukoo wa nungunungu na ukoo wa ngiri ni watani wa kweli, watani wa asili, kwa kuwa hulala katika mashimo yaleyale na hawajawahi kukubaliana nani aliyachimba. Mzee yule alimwita Bi Nungu "ufagio" tangu akiwa binti, naye alimwita mzee "pua iliyoota miguu", na hakuna aliyenuna. Lakini mzee alipofariki, nani alichimba kaburi? Bi Nungu. Nani alilala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamletee boga? Bi Nungu. Ndiye aliyekimbia kilioni mkia juu, akiigiza mbio za marehemu, mpaka mjane akacheka katikati ya machozi. Ndiye aliyeingia shimoni kwa marehemu, akatoa vitu vyote nje na kuvigawa, kwa sababu hiyo ni kazi ya mtani na hakuna ndugu anayeruhusiwa kumzuia. Hivyo ndivyo ulivyokuwa utani. Leseni ya kumcheka mtu ililipiwa kwa kumbeba.

Akawaeleza.

"Fisi alikuwepo kwenye msiba ule," akasema Bi Kanga. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona wapi?"

Bi Kanga akafikiri. "Jikoni."

"Basi. Fisi amehudhuria kila msiba wa bonde hili na hajaona mazishi hata mara moja. Ameomba kitu asichokijua. Anadhani utani ni kuchukua kuku."

"Lakini hayo yote ni ya marehemu," akasema Mama Swala. "Fisi hajafa."

"Hilo ni dogo," akasema Bi Nungu. "Sisi si watani wake?"

Kesho yake jua lilipofika utosini, Fisi alikuwa amelala nje ya pango lake, tumbo juu, limekaza kama ngoma iliyoanikwa. Bi Kanga akapanda juu ya kichuguu, akapanua mabawa, akapiga yowe. Na yowe la kanga si kitu cha mchezo. Hata wasio na masikio walilisikia.

"Uuuwi! Jamani mtani wetu! Umekwenda, umetuachia nani wa kutunywea maji? Uuuwi!"

Wanyama walikuja mbio kutoka kila upande. Msiba una chakula, hata wakati wa njaa watu huenda wakijaribu bahati. Simba naye alikuja, kwa mwendo wa heshima, Sungura nyuma yake.

"Amekufaje?" akauliza Simba.

"Kwa kicheko, Mtukufu," akasema Bi Nungu. Miiba yake yote ilikuwa imelala, laini kabisa. "Alicheka, akacheka, akaishiwa."

Simba hakusogea kuhakikisha. Mfalme hagusi maiti. Alipanda juu ya jiwe, akatazama umati, akaona umati ni mkubwa, akafurahi. Hapakuwa na hotuba bondeni tangu mto ukauke.

"Ndugu wananchi," akaanza. "Marehemu Fisi alikuwa nguzo. Marehemu Fisi alikuwa mwanga. Nilipokuwa kijana—"

Hotuba za Simba kuhusu wafu zote zilipita kwenye ujana wake, na zilikaa huko muda mrefu.

Fisi aliamka. Alisikia kilio, akasikia neno marehemu, pua ikacheza.

"Msiba wa nani?" akamnong'oneza Bi Kanga. "Wameshapika?"

"Wako," akasema Bi Kanga. "Pole sana."

"Wangu? Mimi mzima!"

Bi Nungu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Marehemu alipenda utani."

"Sana," wakaitikia waombolezaji.

"Mpaka pumzi ya mwisho."

"Na baada ya hapo," akasema Bi Kanga, akipangusa jicho.

Fisi akaruka mbele ya jiwe la hotuba. "Mtukufu! Mimi hapa! Sijafa!"

Simba alimtazama kwa hasira ya mtu aliyekatizwa akiwa kijana. "Nyamaza. Nimekwisha kukuita marehemu mbele ya watu. Mimi siwezi kusema marehemu halafu mtu akawa hai. Itaonekanaje?"

"Itaonekana vibaya, Mtukufu," akasema Sungura.

"Lala chini. Bado kidogo."

Fisi akataka kubisha, kisha akamwona Bi Nungu anamtazama kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayengoja chungu kichemke. Akakumbuka. Anayenuna anapoteza kisima. Akaachia kicheko kikubwa.

"Haa! Haa! Mmenipata! Nzuri sana, watani wangu. Nimecheka. Sasa tawanyikeni, kila mtu kwake."

"Tutakwenda, mtani," akasema Bi Nungu. "Tukimaliza desturi."

"Desturi gani?"

"Zote."

Akaanza kuchimba. Alichimba palepale Fisi alipokuwa amelala, akampima kwa macho, akasema, "Miguu mifupi, afadhali," akaendelea. Shimo lilipofika kiunoni alijilaza ndani, akadai boga. Hapakuwa na boga bondeni, akasema basi atakubali chochote. Ngiri alimpa kokoto. Akaipokea kwa shukrani, akatoka.

Wakati huo Bi Kanga alikuwa anaigiza mwendo wa marehemu. Alishusha makalio, akainua mabega, akatembea hivyo kando ya foleni isiyokuwepo, akinusa vibuyu visivyokuwepo. Akasimama mbele ya Ngiri. "Uta—" akasema, akazamisha kichwa chote chini ya bawa, akatoa sauti ya kugugumia maji iliyodumu mpaka watu wakaanza kuogopa kwamba atakata pumzi. Kisha akatoa kichwa nje, ametoa ulimi, akateuka.

Bonde zima lilicheka. Ngiri alianguka chali. Hata Simba aliacha ujana wake kwa muda na kuonyesha meno. Fisi alicheka pia, kwa kuwa ilimlazimu: "Ha," akasema. "Ha ha." Aligundua kwamba kicheko cha namna hiyo kinakausha koo vibaya sana.

"Sasa mali," akasema Bi Nungu.

"Mali ipi?" akauliza Fisi.

Lakini Bi Nungu alikuwa ameshaingia pangoni. Kikatoka kibuyu, kimejaa, kimezibwa kwa majani. Mama Swala akakipokea na kukiweka chini. Kikatoka kingine, na kingine. Kila kimoja kilipotua, kicheko kilipungua. Vilitoka vya Bi Kanga, vyenye alama ya ukucha. Vikatoka vya Mama Swala. Kisha kikatoka kimoja chenye shingo iliyovunjika upande.

"Hicho changu!" akasema Ngiri. Akasogea, akakigeuza. "Changu kabisa. Nilidhani kilinipotea."

"Ulikuwa umefumba macho," akasema Bi Nungu kutoka ndani.

Kikatoka cha Nyani. Kikatoka cha Nyati, ambaye hakuwahi kutaniwa hata siku moja na alijiona rafiki mkubwa wa Fisi. Madume walitazamana. Mmoja mmoja, walianza kuhesabu vicheko vyao na mahali walipokuwa wameweka vibuyu wakati huo. Sungura, kimyakimya, alikuta vyake viwili.

Fisi alikuwa bado anacheka, lakini sasa ni meno tu yaliyobaki kazini.

"Mtani hugawa," akasema Bi Nungu, akijipangusa vumbi. "Wa kwanza ni mdogo kuliko wote."

Akazibua kibuyu, akamwinamishia mtoto wa Mama Swala. Mtoto alinusa, akatumbukiza mdomo, akanywa. Ilikuwa sauti ndogo tu, glu, glu, glu, na Fisi aliisikia kila glu ikipita kwenye koo lake mwenyewe.

"Basi," akasema. "Yatosha."

Glu, glu.

"Acheni! Maji yangu hayo!"

"Utani, mtani wangu," akasema Bi Nungu kwa upole.

"Huu si utani!" Fisi alipiga kelele mpaka mate yakaruka. "Utani gani huu? Unachukua maji ya mtu mbele ya macho yake, halafu unamwambia ni utani? Huo ni wizi! Wizi! Mnacheka nini? Mtu akiibiwa anachekwa?"

Simba alifunga kinywa katikati ya neno. Masikio ya Sungura yaligeuka kutoka kwa Fisi, yakaelekea kwa Bi Nungu, yakatulia huko.

"Mtukufu," akasema Sungura, "nadhani hukumu imeshasomwa."

"Nani amesoma hukumu kabla yangu?"

"Marehemu, Mtukufu."

Fisi akasikia alichokisema. Kilimfikia kwa kuchelewa, kama harufu. "Nilikuwa natania," akasema haraka.

"Vizuri," akasema Bi Nungu. "Kama yote haya ni utani, wako na wetu, basi wewe umenuna, na kila mtu amekuona. Umepoteza kisima mpaka mvua inyeshe, kama ulivyoomba mwenyewe. Kama ni wizi, basi ni wizi tangu kibuyu cha kwanza, na utasema hivyo mbele ya baraza. Chagua, mtani wangu. Hatuna haraka. Kaburi halichachi."

Fisi alilitazama shimo. "Na nikibaki marehemu?"

"Marehemu hawanywi maji," akasema Simba, aliyeona nafasi ya kutoa hekima na hakutaka impite.

Fisi alimtazama Ngiri. Ngiri alikuwa amekikumbatia kibuyu chake. Alimtazama Nyati, na Nyati akatazama mbinguni, kule kwenye mvua ya Simba.

"Wizi," akasema Fisi kwa sauti ndogo.

"Upi?" akauliza Bi Nungu.

"Wote."

"Hata ule wa miiba na kukumbatiwa?"

"Hata ule."

"Nilijua tu," akasema Bi Kanga. "Haukuwa unachekesha."

Simba akatoa adhabu: Fisi atakunywa wa mwisho, baada ya watoto wa kila mnyama, na kibuyu chake kitajazwa na Bi Nungu kwa kipimo cha Bi Nungu. Bi Nungu akaomba jambo moja zaidi, nalo likapita bila hata Sungura kuuliza: kuanzia siku hiyo, mtu akikasirika kisimani, asiulizwe kwa nini hajui kucheka. Aulizwe amechukuliwa nini.

Kisha Simba akasema hotuba yake haijaisha. Fisi akatakiwa alale shimoni na kutulia, kwa heshima ya shughuli, mpaka mfalme amalize ujana wake. Jua lilikuwa limeshainama alipomaliza. Bi Nungu hakusubiri mwisho. Alichukua kibuyu chake akaenda korongoni, akaketi ukingoni mwa shimo alilolichimba, akanywa polepole, bila kumwangalia mtu.

Mvua ilinyesha baadaye, kwa wakati wake, na Simba alisema ni yeye. Fisi hakuacha kucheka, kwa kuwa asili haiachwi, lakini tangu hapo huchekea mbali, vichakani, mahali pasipo na mtu wa kuangalia anachobeba. Nanyi mkiambiwa hamjui utani, msihangaike kumtazama msemaji usoni. Mtazameni mikononi.